Buti Zilizobaki kwenye Rafu

Steinvör alijitumbukiza kwenye dimbwi la maji moto la bwawa la kuogelea la kijiji mpaka shingoni, akageuza uso kuelekea mlango wa wanaume, akasubiri. Mlango ulifunguka, akatoka Torfi na kitambi chake. Ukafunguka tena, wakatoka wageni wawili wanatetemeka, wamejikumbatia kama waliofiwa. Ásmundur hakutoka.

Ásmundur alikuwa mumewe, wameoana miaka hamsini na mmoja, na tangu mwaka juzi akili yake ilikuwa inakuja na kwenda. Mara ya kwanza alipotea wakamkuta zizini kwa jirani, anawalisha farasi wasio wake. Mara ya pili walimkuta barabara kuu, kwenye theluji, amevaa soksi tu. Baada ya hapo binti yao Hrefna alipiga simu kutoka mjini, na hakumung'unya maneno.

"Mama, mara ya tatu sisubiri. Nimeshaongea na nyumba ya wazee. Chumba kipo."

"Hapotei tena. Namlinda mwenyewe."

"Haya. Lakini akipotea, wewe ndiye utakayeniambia. Usije ukanificha, mama. Niahidi."

Akaahidi. Angefanyaje? Na mtu asikudanganye, kumlinda mzee mwenye miguu mizima ni kazi kuliko kulea mtoto. Mtoto utambeba mgongoni ukachoka ukamlaza. Mzee anakuaga kwa adabu, anafunga mlango, anakwenda zake.

Shida ya bwawani ni ile milango miwili. Mnaingia mkono kwa mkono mpaka mapokezi, mnavua viatu mnaviweka kwenye rafu, halafu kila mmoja anakwenda upande wake kujisugua uchi kama alivyozaliwa. Kwetu, anayeingia majini bila kujisugua kwa sabuni ni afadhali angetema mate kwenye chungu cha mwenzake. Kwa hiyo Steinvör alikuwa akimfikisha mumewe mlangoni, na Torfi anampokea upande wa pili. Leo Torfi alikuwa ametangulia.

"Torfi, mzee wangu umemwona?"

"Si yuko anajisugua? Mumeo huyo akishika sabuni utadhani anaoga kwa niaba ya kijiji kizima."

Waliokuwemo dimbwini wakacheka. Steinvör hakucheka.

"Nenda kamwangalie."

"Ndiyo kwanza nimekaa, bibie! Hata goti halijapata moto."

"Torfi, nenda bwana!"

Torfi akaenda huku analalamika. Aliporudi alikuwa halalamiki tena.

"Bafuni hayupo. Chooni hayupo. Na kabati lake ni tupu, hakuweka taulo wala nguo."

Steinvör alipanda ngazi za dimbwi upepo ukamchoma mwili mzima, wala hakuusikia. Alikwenda moja kwa moja mpaka mapokezi, maji yanamchuruzika.

"Wee Steinvör! Unanilowanishia sakafu!" Bergljót wa mapokezi alipiga kelele kutoka nyuma ya kaunta, kikombe cha kahawa mkononi, ndiyo kwanza amerudi nacho kutoka jikoni.

"Ásmundur ametoka?"

"Atoke aende wapi? Buti zake hizo hapo."

Kweli, zilikuwepo. Buti nyeusi za mpira, kubwa, ya kushoto ina kiraka cha bluu alichokibandika mwenyewe. Na kwetu buti za mtu zikiwa kwenye rafu, mtu yuko ndani, habari imekwisha. Hakuna anayefungia viatu na hakuna anayevigusa visivyo vyake. Nje theluji imefika magotini, nani atatoka pekupeku? Basi watu wazima watatu, wenye akili zao timamu, wakaanza kumtafuta Ásmundur ndani. Wakaingia chumba cha mvuke, wakaingia stoo ya taulo, Torfi akainama mpaka chini ya mabenchi. Robo saa nzima ikapotea hivyo, na kila mlango uliofunguliwa bila mtu nyuma yake, Steinvör alikimbilia wa pili. Alikuwa anaomba kimya kimya: awe humu, awe amelala mahali humu, nimgombeze tu nimpeleke nyumbani.

Ndipo mgeni mmoja akaja kwa soksi, kijana wa watu anatabasamu kwa aibu. Samahani, akasema, viatu vyangu sivioni. Vyekundu, vya kukimbilia. Labda kuna mtu amevichukua kwa bahati mbaya?

Bergljót alifungua mdomo kumwambia kwamba hapa jambo kama hilo halijapata kutokea. Akaufunga.

"Ametoka navyo," alisema Steinvör. "Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Mungu wangu! Mkate!"

Kila Jumatano walikuwa wakifukia chungu cha mkate mweusi kwenye ardhi ya moto, ile inayochemka yenyewe kwa mvuke wa chini, ukaiva humo kutwa na usiku kucha, na Alhamisi asubuhi Ásmundur anakwenda kuufukua kwa sepetu. Miaka arobaini waliufukia mteremkoni, nyuma ya bwawa. Lakini wakati wa Krismasi ardhi ilitetemeka, mteremko ukapasuka, pakazungushiwa kamba watu wasipite. Mwezi uliofuata kondoo wa Torfi alipita chini ya kamba, miguu ikazama, na walipomvuta nyama ilikuwa inaachana na mfupa. Tangu hapo Steinvör alikuwa anafukia chungu chake karibu na nyumba ya pampu ya bwawa, mahali salama. Ásmundur alikuwa ameambiwa. Aliambiwa kila Alhamisi.

"Piga simu kwa waokoaji!" alimwambia Bergljót. "Torfi, lete ngazi ya kulaza juu ya udongo! Kimbia!"

Alivaa sweta la sufu juu ya nguo ya kuogelea iliyolowa, akachomeka miguu kwenye buti zilizokuwa karibu, nazo zilikuwa za mumewe, akatoka. Pale ukutani walipozoea kuegemeza sepetu ya mkate, sepetu haikuwepo. Nyayo zilikuwepo, mpya, za viatu vya kigeni, zimenyooka kuelekea mteremkoni bila kusita hata mara moja. Steinvör alikimbia na buti zinampwaya, anasema kwa sauti, "Ngoja, ngoja, ngoja mume wangu." Miaka sabini na minne alikuwa nayo, na hajui alikimbiaje.

Penye kamba theluji ilikuwa imekwisha. Mbele palikuwa na udongo mtupu na mvuke mzito, haoni kitu. Akasikiliza. Ardhi ilikuwa inatokota chini kwa chini. Upepo ukageuka kidogo, na katikati ya mvuke, hatua kama thelathini, akaviona viatu vyekundu.

"Ásmundur!"

Mzee aliinua kichwa, sepetu mkononi. Alimtazama kwa upole, kama mtu anayetazama wapita njia.

Steinvör akainama chini ya kamba akaingia. Hatua ya kwanza, ya pili. Ya tatu udongo ulikatika, buti ikazama mpaka kifundoni, moto ukapenya mpira ukamuuma. Alipiga ukelele, na mzee akapaza sauti kutoka mvukeni.

"Simama hapo hapo, mama! Usinyanyue mguu kwa nguvu. Uvute taratibu. Ndiyo hivyo. Sasa usitikisike, nakuja."

Mama. Miaka hamsini na mmoja alikuwa anamwita Steina, hata siku walizogombana mpaka sahani zikavunjika. Steinvör alisimama, hajui kilichomuuma zaidi ni kipi, mguu au neno hilo.

Ásmundur akaanza kuja. Aligeuza sepetu akawa anagonga ardhi kwa mpini kabla ya kila hatua, kichwa amekiinamisha pembeni, anasikiliza. Iliyojibu kwa mlio mzito aliikanyaga. Iliyolia kama debe tupu aliizunguka. Steinvör alitaka kumwambia kwamba njia aliyoizoea haipo tena, akaogopa kumshtua. Mara mpini ukazama, mvuke ukaruka mbele ya uso wake. Steinvör alifumba macho. Alipoyafumbua mzee alikuwa amerudi nyuma hatua moja, anajifuta nyusi.

"Hapa pamebadilika," alijisemea, akaanza kugonga upande mwingine.

Alimfikia, akamshika mkono kwa nguvu ileile ya zamani. "Kanyaga nilipokanyaga mimi. Usinipite." Wakaenda hivyo, anagonga, anakanyaga, naye anafuata, mpaka wakavuka kamba. Hapo Steinvör alikaa chini kwenye theluji akalia waziwazi, hakujali nani anasikia.

Ásmundur alichuchumaa akampangusa tope kwenye buti.

"Nyinyi wageni mtatuua kwa presha. Kamba hamkuiona?"

"Niliiona."

"Na buti lote hili umelitoa wapi? Unaogelea humo."

"La mume wangu."

"Mwambie akununulie zako, asiwe bahili." Akacheka kidogo. Kisha akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mama, nikuombe jambo. Mke wangu akisikia nilikuja huku, nimekwisha. Alinikataza. Amenikataza mara nyingi mno, hata nikaona haya kumuuliza tena mkate tunaufukia wapi siku hizi. Nilisema nikiupata mwenyewe, atafurahi. Usimwambie, tafadhali."

Steinvör alijifuta pua kwa mkono wa sweta. Kule chini Torfi alikuwa anapanda na ngazi begani, anaita majina yao wote wawili.

"Mkeo sitamwambia," alisema. "Lakini binti yako itabidi nimwambie. Nilimuahidi."

"Hrefna?" Uso wa mzee ulichangamka. "Huyo mwambie tu. Hrefna hana neno. Huyo hawezi kunifanyia ubaya."

Steinvör aliinuka, akampokea sepetu, akapitisha mkono wake kwenye mkono wa mumewe.

"Haya, twende," alisema. "Nikuonyeshe mkate ulipo."