Firigisi ya Mkwe

Mimi Pelagia wa Sitalike nilitaka mkwe daktari, na nilisema hadharani. Binti yangu Romana akaniletea Amedeus, kijana aliyesomea sayansi ya maabara ya tiba. Mshenga alieleza mpaka jasho likamtoka: kijana anaweza kuajiriwa maabara, benki ya damu, hata kwenye utafiti wa chanjo. Nikamwambia, kwa kifupi anapima mikojo ya watu. Kuku wakachinjwa, lakini firigisi, ambayo ni heshima ya mkwe, niliila mwenyewe jikoni.

Mwaka huu homa ikanishika. Inaondoka, inarudi. Nikameza dawa za malaria za dukani mpaka masikio yakavuma, wapi. Mchana nasinzia na sufuria iko motoni, usiku macho makavu. Majirani wakaanza kusema nimerogwa. Niliona kabisa kwamba nakufa, na niliogopa.

Romana akanipeleka Mpanda, hospitali anakofanya kazi mumewe. Mlangoni nikagoma. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani, hata kutazamana usoni ni aibu. Nife tu, kuliko kuvuliwa nguo mbele ya mkwe.

"Mama, Amedeus hata hakuoni," Romana akasema. "Anaona tone la damu tu. Wewe utakuwa na nesi."

Nikatulia. Yule mkwe daktari niliyemtaka angenibonyeza tumbo. Huyu wala.

Nesi akanitoboa kidole, nikakaa kwenye benchi nimejifunika kanga mpaka usoni. Baadaye sauti ya Amedeus ikatoka nyuma ya mlango.

"Shikamoo mama. Siyo malaria, na hujarogwa. Ni malale, ule ugonjwa wa usingizi, wadudu wake nimewaona kwenye damu yako wanacheza. Umeumwa na mbung'o huko unakookota kuni, kando ya hifadhi. Dawa ipo."

Nililia chini ya kanga, kwa furaha, bila kuona haya. Wakanilaza, wakanitibu, nikapona.

Sasa napalilia mpunga mwenyewe, na wale waliosema nimerogwa nawasalimia kwa sauti. Jumapili Amedeus alikuja. Yeye sebuleni, mimi jikoni, ukuta katikati kama inavyotakiwa. Nikachinja jogoo, firigisi nikaiweka juu kabisa ya sahani, nikampa Romana.

"Mpelekee mkwe wangu," nikasema kwa nguvu ili asikie. "Na nyie mkipata mtoto, asome hiyo hiyo mikojo."