Jani ku Tablo

Monitere Adrien, mwalimu wa batoto betu, alikuwa muntu muzuri, hiyo sikatae, lakini kuchora hakujua. Padri alikuwa amemuagiza afundishe batoto ubaya wa bangi, juu bijana mingi ya kambi yetu ya kampani ya shaba, hapa Elisabetvili, balianza kuvuta. Basi akachukua choki, akachora jani ku tablo, akauliza nani aliisha kuiona. Kalasi yote ikanyoosha mikono. Iko sombe, Monitere, majani ya muhogo tunakulaka na bukari kila siku. Padri, mwenye alikaa nyuma kusikiliza, alicheka mpaka akapangusa macho, na batoto bakacheka naye.

Mutoto mumoja tu hakucheka, na huyo njo Wivine, binti yangu. Alisimama akasema hapana, sombe haina meno pembeni. Ile njo jani baba yake anafichaka mu kiatu ya kazi, anavuta mbele ya kwenda ku furu, ile tanuru ya kuyeyusha shaba, na akirudia nyumba unamuita mara ngapi, hasikie. Akauliza Monitere dawa ya kumuponyesha baba iko wapi.

Padri aliacha kucheka. Bangi ilikuwa gereza, na bwana akiingia gereza, bibi na batoto banafukuzwa mu nyumba ya kampani. Adrien alijua hiyo muzuri. Akageuza maneno mbio, akasema mutoto anasema bongo, anadanganya tu, anatafuta kujionyesha, akamupigisha magoti mbele ya benzake. Padri akasema kesho akubali bongo yake mbele ya bote, ao asirudie tena ku masomo.

Nilienda kwa Adrien na kitambaa imefungwa nguvu ku kiuno, tayari kupigana. Masikini, yeye njo alikuwa anaogopa. Akaniomba nimufundishe Wivine aseme tu ilikuwa sombe, tupone bote. Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Nikarudia nyumba, nikamuambia mutoto. Wivine akaniangalia sana.

“Mama, Monitere alisema tuseme kweli, njo benye kuvuta basaidiwe. Nikisema sombe, nani atamusaidia baba?”

Nikamufokea aende kuteka maji. Floribert, bwana yangu, alikuwa amekaa pa mulango, alisikia yote. Zamani huyu muntu alikuwa anaimba mpaka majirani banakuja kusikiliza. Halafu moto ya furu ikamushinda, akaanza kuvuta kidogo, apate nguvu, na kidogo ikakuwa kila siku. Nilimupenda, na nilikuwa nimemuchoka.

Asubui nilimupeleka Wivine mwenyewe. Njia muzima nilikuwa namurudilia: sema sombe, mama, sema tu sombe. Alisimama mbele ya Padri, midomo imefungwa, machozi yanashuka. Njo Floribert aliingia, na nguo zake za kazi, saa ile alipashwa kuwa ku furu. Akatosha kofia ku kichwa.

“Padri, mutoto yangu hakusema bongo. Bangi iko yangu.”

Nilitaka udongo unimeze. Padri akamuuliza kama anajua maneno anasema itamufikisha wapi. Akajibu anajua. Halafu akageukia batoto, na sauti yake ikakuwa ndogo.

“Huyu Wivine alikuwa na mudogo wake, Jeannot. Alikufa mwaka jana. Siku tulimuzika, nilikuwa pale, bantu bote baliniona. Mimi sikumbuke kintu. Hata sanduku sikumbuke. Bibi yangu njo ananielezeaka.”

Adrien aliangalia chini.

Padri hakumupeleka kwa polisi, lakini batoto mia hawawezi kufunga midomo. Kampani ilimufukuza Floribert, tukatoka mu kambi na vyungu ku kichwa, na nilimutukana njia yote, sidanganye. Wivine alibakia ku masomo.

Kuacha bangi kulimutesa Floribert sana, alirudilia kuvuta mara nyingi. Lakini jioni moja, siku ya kwanza alikuwa na macho mazima, bila bangi, alikuja kukaa karibu yangu pa moto. Akaniomba nimuelezee tena maziko ya Jeannot, polepole, kintu moja moja. Na safari hii alilia.