Kimo cha Mikidadi Kambaa

Mbaruk bin Himid alikuwa mnunuzi wa sandarusi, ule utomvu mgumu unaochimbwa ardhini, mjini Bagamoyo, miaka michache kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao, na lau angeipenda sandarusi nusu tu ya alivyovipenda visanamu vyake, angekufa tajiri. Kila baada ya swala ya alasiri alikaa kibarazani na kisu chake kidogo, akichonga mabaki ya mbao aliyowaomba mafundi wa milango. Akimaliza mtu wake, mrefu kama kidole cha kati, alimsimamisha katika kidaka cha ukuta wa sebuleni, pale ambapo watu wengine wenye heshima zao huweka sahani za Kichina.

Hilo peke yake lingesameheka. Kasheshe ni kwamba Mbaruk hakuchonga watu wema. Alikuwa na nahodha wa Kireno aliyetia moto misikiti, alikuwa na jumbe wa Kaole ya kale aliyesemekana kutoza ushuru hata jeneza likipita, na alikuwa na mama mmoja aliyewalisha sumu waume zake wote. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu kwamba watu wema wote ni kanzu na tasbihi, humtambui huyu wala yule, lakini mwovu kila mmoja ana sura yake.

Mkewe, Bi Sabah, alikuwa na hoja mbili, na hakuchoka kuzitoa. Ya kwanza, nyumba yenye sanamu malaika hawaingii. Hapo Mbaruk alijitetea kwa kumkata kila mmoja mfuo mwembamba shingoni, kama uzi, ili ionekane kichwa kimetengana na kiwiliwili na kitu chenyewe hakina uhai. Hoja ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Mtu mbaya akishakufa, alisema Bi Sabah, watu hushukuru Mungu wakamsahau; wewe unamrudisha na kumpa nyumba. Mbaruk alisema mwovu aliyesahauliwa hurudi kwa jina jingine. Wakabishana hivyo miaka na miaka, tena kwa raha zao.

Aliyempendeza kuliko wote alikuwa Mikidadi Kambaa. Huyu alikuwa mteka watu wa zamani, aliyechoma vijiji vya upande wa Kiwangwa na kuwafunga wenyeji kwa kambaa, Mbaruk akiwa hajazaliwa bado. Kila aliyesimulia habari zake alisema alikuwa mrefu, akipita mlangoni huinama. Basi Mbaruk akamchonga vivyo hivyo, kwa mpingo safi, kifua mbele, jambia kiunoni. Alitoka mzuri mno, na Mbaruk alilijua hilo.

Mwaka huo Azzan, mtoto wao wa pekee, alikwenda Kiwangwa kufuata sandarusi akarudi mikono mitupu, roho ameiacha huko. Alikuwa amemwona Mina binti Rehani. Posa ikapelekwa na Bi Dija, mshenga, na jibu likarudi kwamba Rehani hana kinyongo, ila neno la mwisho ni la mama yake, Bi Tabia, naye hatasema neno mpaka aione kwa macho yake nyumba atakayoingia mjukuu wake. Azzan akaacha kula. Mbaruk alimpenda kijana yule kuliko kitu chochote duniani, visanamu vikiwemo, na kumwona anakonda vile kulimtia uchungu. Akapaka chokaa nyumba nzima.

Siku ya wageni, Bi Dija alitangulia mlangoni mbio mbio akamvuta Bi Sabah pembeni. Njiani alikuwa amesikia jambo: Bi Tabia, alipokuwa msichana, alitekwa na Mikidadi Kambaa. Bi Sabah akaingia sebuleni, akamwambia mumewe, kisha akakitazama kidaka.

Mbaruk akamnyakua Mikidadi. Kanzu yake haikuwa na mfuko, na sauti za wageni zilikuwa zimeshafika barazani. Ukumbini sinia zilikuwa zimepangwa, kila moja imefunikwa kawa, na ya mwisho ilikuwa bado haijatiwa chakula. Akamsimamisha katikati ya sinia hiyo, akamfunika, akaisogeza sinia pembeni, akatoka kuwapokea wageni kwa tabasamu la mtu anayeumwa jino.

Sasa, kila mtu wa pwani anajua kwamba chakula cha mgeni wa heshima huja kimefunikwa, na mgeni mwenyewe ndiye anayefunua. Mbaruk alilijua hilo tangu utotoni, na siku ile alilisahau. Dada yake Nunu, aliyekuwa akisaidia jikoni, aliona sinia moja imetengwa pembeni na kawa jipya juu yake, akasema moyoni hii bila shaka ndiyo ya bibi.

Mbaruk alimwamkia Bi Tabia shikamoo, kwa adabu ambayo marehemu baba yake asingemwonyesha mkulima, na bibi akaitikia marahaba. Wakaulizana hali, wakaulizana mihogo na mvua. Ndipo Nunu akaingia na sinia. Mbaruk aliitambua, akainuka kumzuia, akachelewa. Bi Tabia akanawa, akasema bismillahi, akafunua kawa.

Mikidadi Kambaa alisimama pale, kifua mbele.

Azzan, aliyekuwa mlangoni, alifumba macho. Bi Sabah, Mungu amzidishie, aliharakisha kusema kwamba hicho ni kitu cha kuchezea watoto, mgeni asijali. Ulikuwa uongo mzuri, na Mbaruk alitakiwa kuitikia tu. Lakini bibi alikuwa akimtazama yeye, naye akaona haya kumdanganya mtu kama yule juu ya jambo kama lile.

"Ni Mikidadi Kambaa, bibi," alisema. "Nimemchonga mimi. Nisamehe."

Bi Tabia akamwinua, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama toka nyayo hadi kilemba.

"Siye," alisema. "Mikidadi alikuwa mfupi. Alinifikia hapa kidevuni, nami nilikuwa mtoto."

Mbaruk akaeleza kwa sauti ndogo kwamba wote waliomsimulia walimtaja kuwa mrefu sana.

"Hao walimwona wakikimbia. Mimi nilifungwa karibu yake. Nilimwona akilia kwa siafu. Na sikio lake la kushoto halikuwa zima, maana nililing'ata mimi, ndipo nikapata njia ya kutoroka."

Rehani, jitu zima lenye ndevu, alimkodolea macho mama yake. Hakuwahi kulisikia hilo. Kisha bibi akacheka. Nunu akamfuata, na muda si muda sebule nzima ilikuwa ikicheka, isipokuwa Mbaruk.

Bibi akataka kisu kiletwe. Wali wa kweli uliletwa pia, ukapoa, huku Mbaruk akichonga kwa amri. Punguza miguu. Punguza tena. Jambia litoke, lilikuwa la kuazima. Mpingo ni mgumu, na kuiharibu kazi yake bora kulimuuma, lakini aliikata. Mwisho alibaki kijimtu chenye tumbo, sikio moja pungufu, na kilemba kikubwa kuliko kichwa.

Bi Tabia akakiendea kidaka, akauliza habari za kila mmoja, akajibiwa. Kisha akauliza waliowashinda watu hawa wako wapi.

"Waovu wako waweke," alisema bibi. "Usiwape kimo wasichokuwa nacho, na usiwaache peke yao. Mjukuu wangu atakuja. Akija, asimkute huyu anatamba ukutani bila mtu wa kumtazama."

Azzan alikula sahani mbili siku ile, nyingine ikiwa ya baba yake.

Mbaruk alichonga mpaka wiki ya harusi. Safari hii alimchonga msichana wa mninga, miguu myembamba, kipande cha kambaa kikining'inia mkononi, kidevu juu, na kitu kidogo kimebanwa kati ya meno. Ndiye mtu mwema wa kwanza aliyemchonga, na hakufanana na mtu mwingine yeyote. Alipomaliza akamgeuza na kuweka kisu shingoni, amkate mfuo kama wenzake.

"Huyo usimkate," alisema Bi Sabah, aliyekuwa akikunja nguo za harusi.

Mbaruk akamuuliza, na malaika je?

"Malaika walikuwa naye siku ile. Wanamfahamu."

Akamchukua mkononi mwa mumewe, akaenda mwenyewe kumsimamisha kidakani, mbele ya Mikidadi. Msichana alimzidi kichwa kizima.