Besi Nyuma ya Ukuta

Tharcisse, fundi wa redio na televisheni aliyehamia Bunia kutoka Butembo, alikuwa amemaliza kufunga bafle tano ndogo, yaani spika, katika saloni ya nyumbani kwa Josias, mchuuzi wa samaki wa Kasenyi. Ilibaki ile ya besi, boksi jeusi zito linalokaa chini peke yake. Christella, mke wa Josias, alitaka likae pembeni kabisa, liguse ukuta, lisimsumbue akifagia.

"Pale iko muzuri, fundi. Weka tu pale."

Tharcisse akaliweka. Akaketi kwenye kanape katikati ya chumba, akawasha sauti ya kupimia: pigo moja zito, kimya cha sekunde tatu, pigo lingine. Pale alipoketi besi ilikuwa hafifu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Akaenda kuzungusha kitufe nyuma ya boksi, akarudi kuketi. Bado.

"Ongeza," Josias alisema. "Nataka tuisikie mu tumbo."

Tharcisse alijua kwamba katikati ya chumba besi hudanganya, kwamba fundi hutakiwa kuzunguka kila upande akisikiliza kabla ya kuongeza. Lakini mwenye nyumba alikuwa akimtazama. Akaongeza, akaongeza tena. Glasi zikalia kabatini.

Christella akatokea mlangoni, mikono ina povu la sabuni.

"Josias, mama iko wapi?"

"Si analala?"

"Kitanda iko butupu! Alikuwa amelala na Abigaël!" Akaugeukia ule ukuta wa pembeni, kisha akamgeukia Tharcisse. "Fundi, chumba yake iko nyuma ya ile bafle."

Josias akaruka. Mama yake, Elisabeth, alikuwa amefika Bunia miaka miwili iliyopita kutoka kijiji kimoja cha Djugu, baada ya siku kumi na moja za kujificha porini akikimbia vita. Wenzake wawili hawakutoka humo. Na Abigaël, binti wa Josias, alikuwa na mwaka mmoja na nusu.

Walitoka mbio wote watatu. Barabarani mama mmoja muuza nyanya alikuwa akikunja turubai lake, nyanya zinamdondoka. Duka la jirani lilikuwa likifungwa.

"Masasi iko upande gani?" mtu aliuliza, akitafuta risasi zinatokea wapi.

"Hakuna masasi!" Christella alipiga kelele. "Ni bafle yetu!" Hakuna aliyesimama kumsikiliza. Pikipiki zilipita zimebeba watu wanne wanne, na Tharcisse alijiona akimkuta yule bibi amelala chini ya magurudumu, na mtoto naye.

Josias ndiye aliyeiona kandambili ya mama yake, imetupwa mbele ya nyumba ya jirani isiyokwisha kujengwa. Wakaingia.

Elisabeth alikuwa amechuchumaa kwenye kona, nyuma ya rundo la matofali. Abigaël alikuwa mapajani pake, na kiganja cha bibi kilikuwa kimemziba mdomo. Pua nayo ilikuwa imefunikwa nusu. Macho yalikuwa yamemtoka mtoto, miguu yake inapiga hewani.

"Mama, muachilie mutoto!" Christella alivuta ule mkono. Haukusogea.

"Nyamaza," Elisabeth alinong'ona. "Atalia, batatusikia."

"Mama, ni miye Josias. Hakuna mutu."

"Sikiliza. Banapiga, banangoja kidogo, banapiga."

Hapo Tharcisse akasikia. *Du.* Iliwafikia kupitia ardhini, mpaka kwenye nyayo zake. Hakuna aliyekuwa ameizima. Alijua ni mashine yake, na bado miguu yake ilitaka kukimbia.

Akakimbia kweli, akarudi nyumbani kwa Josias, akang'oa waya wa umeme kutoka ukutani.

Kule kwenye matofali Elisabeth alikuwa akihesabu kwa midomo. Moja, mbili, tatu. Hakuna kitu. Akahesabu upya. Hakuna. Polepole vidole vyake vikalegea, na Abigaël akavuta pumzi ndefu yenye mkoromo, kisha akalia kwa sauti; Christella alisema baadaye kwamba hajawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Siku nne Elisabeth alilala kwa jirani, Mama Dorothée. Siku ya tano Tharcisse alirudi. Aliliondoa boksi pembeni, akalisogeza karibu na televisheni, akazunguka saloni yote akisikiliza, akaenda kuketi hata kwenye kitanda cha bibi. Kisha akamwomba aje mwenyewe.

Elisabeth aliketi kitandani pake, kiganja kimebanwa ukutani.

"Sasa?" Tharcisse aliuliza kutoka saloni.

"Shusha."

Akashusha.

"Shusha tena."

Akashusha mpaka Josias, aliyesimama kando ya boksi lenyewe, akatikisa kichwa. "Sasa hata miye sisikii kitu."

"Miye nasikia," Elisabeth alisema.

Josias akamtazama mama yake kupitia mlango ulio wazi. Akainama, akauchomoa waya wa boksi, akauzungusha mkononi, akamkabidhi Tharcisse.

"Beba hii kitu, fundi," alisema. "Zile ndogo zinatosha."