Mlango wa Uani

Lori la vitunguu lilikuwa limeshavuka mizani, nami juu ya magunia na begi langu, nikiuacha mji wa saba au wa nane katika maisha yangu ya kuhamahama. Asubuhi ile Tunu, karani wa mitambo pale mamlaka ya maji nilipokuwa mlinzi, alikabidhiwa barua ya kuachishwa kazi. Kabla ya hapo alikuwa amepigiwa simu na sauti ya meneja wetu, Bwana Ngonyani, na kikohozi chake kile kile, ikimtaka neno la siri la pampu, upesi. Akalitoa. Kumbe meneja yuko msibani, hajagusa simu. Sauti ile wahalifu waliitengeneza kwa akili mnemba, wakazifunga pampu. Mji ukakaa siku tisa bila maji. Tunu alipopita getini na barua yake, niliinamia daftari la wageni kama sikumwona. Basi jua likanipiga juu ya yale magunia, macho yakajifumba.

Nikajiona katika nchi ambayo nyumba zake zina milango lakini hazina madirisha, na watu wake wanaishi kwa kusikia tu. Akanipokea mwanamke mkavu, kajifunga kibwebwe, miguu imejaa vumbi la kwenda na kurudi. "Mimi Shaka," akasema. "Huku hawanipendi, eti sina adabu. Twende, babu, ukaone kazi ya mikono yako."

"Yangu? Mimi sijajenga hata banda la kuku!"

"Utaona."

Tukafika nyumba ya Heshima, bibi mwenye maneno laini, aliyewalea watu wake wasimuulize mkubwa swali. Mlangoni alisimama Sauti, kiumbe asiye na uso wala koo, vazi lake limeshonwa kwa vipande vya maneno ambayo watu waliyatupa ovyo njiani. Kando yake Haraka akipiga makofi, "Fungua! Fungua!" Sauti akapiga hodi tatu, ya kwanza kama baba, ya pili kama shangazi, ya tatu kama meneja mwenye kikohozi. Ndani, binti akanyanyuka na ufunguo. Shaka akamwita: "Mwanangu, usifungue, wala usimtukane. Mwambie angoje. Pita mlango wa uani, nenda hadi kwake huyo anayejitaja, umuulize kama ndiye. Mkweli hungoja, na akikasirika, hasira yake itapoa."

Binti akaukimbilia mlango wa uani. Umepigwa misumari. Chini palikuwa na nyundo, mpini wake umezungushiwa kitambaa cha bluu, kama ninavyozungushia ya kwangu.

"Hii yangu," nikasema.

"Na misumari ni kicheko," Shaka akajibu. "Kicheko cha siku ile."

Binti akanigeukia, kumbe Tunu. Akarudi mbele, akafungua, na maji ya mtungi wa nyumba yote yakamezwa na mchanga.

Breki zikaniamsha, nikaikumbuka siku ile. Mwalimu Sikudhani alikuja kutufunza ofisini: mkubwa akipiga akitaka siri, kata, kisha mpigie wewe kwa namba yake unayoijua. Akamsimamisha Tunu ajaribu. Tunu alikwishashika simu, na mimi, mkubwa kwa umri, nikapaza sauti: "Umkatie bosi simu? We binti, kwenu hukufundwa?" Chumba kizima kikacheka. Tunu naye akacheka, akaketi. Hakujaribu tena.

Nilishuka kituo kilichofuata, nikampigia meneja nikamweleza yote. Akasema amesikia. Barua haikufutwa. Mwalimu Sikudhani aliitwa tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Bwana Ngonyani alihamishwa. Mimi nalinda machimbo ya kokoto. Tunu anashona sare za shule kwa dada yake. Nilimpigia mara moja, nikasema, "Tunu, ni mimi Mzee Shebughe, naomba..." Akakata. Nikafurahi, nikajua anafanya tulivyofundishwa, sasa atapiga mwenyewe kwa namba yangu anayoijua.

Hajapiga.