Bati Lililobaki Nyumbani

Mama alipoingia chumba cha rada asubuhi ile hakusalimia mtu. Alifungua khanga, akatoa bati lililokunjwa pembe, nikajua mdogo wangu Heritier yuko ziwani.

Mabati yale niliwagawia wavuvi wa Ujiji mimi mwenyewe. Mtumbwi wa mbao rada yetu haiuoni vizuri, lakini ukitundikwa bati juu ya mlingoti, unawaka kwenye kioo changu kama taa. Sasa ziwa lilikuwa limefungwa, samaki wazaliane, na Heritier ni kichwa ngumu tangu utotoni. Bati kaliacha uvunguni ili nisimwone. Mimi, dada yake!

Upepo wa kusini ulikuwa unatikisa madirisha.

"Kaenda na nani?"

"Na wenzake wawili, tangu jana. Elida, mutafute ndugu yako."

Msimamizi wangu, Mzee Abdulmajid, aligeuka kututazama. Nikisema, nampeleka mdogo wangu jela kwa mdomo wangu. Nikasema. Hakunilaumu, alichukua redio, akaiamuru boti ya doria iwashe injini.

"Waelekee wapi?" akaniuliza.

Sikujua. Siku zote tunapunguza usikivu wa rada ili mawimbi yasichafue kioo. Nikaupandisha wote. Kioo kikajaa vipele kama mtoto mwenye surua, vikiwaka huku na kuzimika kule. Nilitafuta kimoja tu kisichohama, sikukiona. Nilimchukia Heritier kwa roho yangu yote.

Kisha doa moja likawaka, likazimika. Likarudi palepale, kali kuliko mengine yote. Likazimika tena. Mbao haiwaki hivyo. Kuna mtu alikuwa anainua kitu cha chuma na kukishusha.

"Ni yeye," nikasema. "Ananiita."

Sikuwa na hakika hata kidogo. Nikataja mwelekeo na umbali, boti ikaondoka. Doa likawaka mara nyingine, halafu likapotea kabisa, na boti haijafika hata nusu ya njia. Mama alikuwa amelikumbatia lile bati, midomo ikimchezacheza kwa sala. Nikaendelea kuwaelekeza: kushoto kidogo, nyoosheni, hapo hapo. Nilikuwa nawapeleka mahali ambapo kioo kilionyesha maji matupu.

Redio ikakoroma.

"Tumewapata. Watatu, wameng'ang'ania mtumbwi uliopinduka. Mmoja anagoma kuachia sufuria ya ugali."

Nilicheka huku nalia. Mzee Abdulmajid akajifanya anatazama dirishani.

"Watamufunga?" Mama akauliza.

"Watamfunga, mama."

Akaliweka bati mezani kwangu, taratibu, akajifuta uso kwa khanga.

"Wamufunge," akasema. "Nitajua yuko wapi."