Pindi la Zuena

Fizikia ya kidato cha sita haina huruma, na ile isiyo na mwalimu ndiyo kabisa. Mwalimu wa somo hilo alihamishwa mwanzoni tu mwa mwaka wa masomo. Aliaga kwenye mstari wa asubuhi, akapigiwa makofi, akapakia begi lake kwenye bodaboda. Wa kuziba nafasi yake, mpaka mvua za vuli zinakatika, waliambiwa bado yuko njiani, na mimi sijui njia hiyo ilikuwa inapitia wapi. Basi wale wasichana saba wa Fizikia, Kemia na Hisabati, katika shule ya bweni upande wa Kwamndolwa, wakafanya kama wanavyofanya wanafunzi wengi wakikosa mwalimu. Walimchagua mwenzao aliye mbele awe anawapigia pindi, yaani awafundishe yeye, kila jioni baada ya chakula. Aliyekuwa mbele ni Zuena binti Isihaka, kutoka Kwamsisi kule Handeni.

Mbele, lakini tusikuze mambo. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Zuena alikuwa na kipaji kimoja, nacho ni kukariri. Chuoni kwao Kwamsisi alihifadhi Kurani juzuu kwa juzuu kabla hajaota meno ya ukubwani, na alipofika kidato cha tano akaitia fizikia kichwani kwa njia ile ile, kwa kuimba na kujisogeza mbele na nyuma. Alikuwa na desa walilorithi kwa waliotangulia, maswali yaliyofanywa na majibu yake, limenakiliwa mkono kwa mkono hadi hakuna aliyejua la kwanza liliandikwa na nani. Alilijua lote. Kurani ina thawabu hata kwa asiyejua Kiarabu, lakini hesabu haina thawabu ya namna hiyo, na Zuena alilijua hilo vizuri kuliko yeyote. Kila alipogeuka kuandika ubaoni aliogopa kwamba leo ndipo atakapoulizwa swali asiloweza kuliimba.

Na muulizaji alikuwepo. Kudra, msichana mfupi wa Segera, ambaye majaribio yote alikuwa wa mwisho au wa pili kutoka mwisho, alikuwa na ugonjwa wa kuuliza.

"Zuena, samahani," alisema jioni waliyofika kwenye mambo ya kitu kinachoning'inia kwenye uzi. "Ukikivuta pembeni ukakiachia, kwa nini kinarudi? Kwenye huo mstari naona kama hakirudi."

Zuena alihisi masikio yanawaka. Aliutazama mstari. Ulikuwa vile vile ulivyo kwenye desa.

"Kudra, mtihani hauulizi kwa nini. Andika kama lilivyo."

Wenzake wakacheka, Kudra akainama akaandika kama lilivyo. Kisha wote saba wakauimba mstari ule kwa sauti moja mpaka wapishi wakachungulia dirishani.

Mtihani wa majaribio ukaja mwezi wa pili, kwenye lile joto linaloyeyusha hadi mishumaa ya kwenye tranka. Shule kadhaa zilifanya pamoja, na karatasi zikasahihishwa na walimu wa shule nyingine. Swali la uzi lilikuwemo. Zuena alitoka chumba cha mtihani akitabasamu. Wiki mbili baadaye Mwalimu Semboja wa taaluma akawaita wote saba ofisini, na hakuitikia shikamoo yao.

"Karatasi saba, kosa moja, mahali pamoja," alisema. "Hata mapacha hawafanani hivi. Na mmoja wenu, sitamtaja leo, msahihishaji ameona alikuwa ameandika la kwake, akalifuta, akaandika la wenzake. Huko si kuchungulia ni nini?"

Hosiana, mkubwa wao kwa umri, alianza kulia kimya kimya.

"Hili likithibitika mnarudi nyumbani wote saba mkalete wazazi, na bodi ya shule iamue kama mtaufanyia mtihani wa taifa hapa. Mnajua imebaki miezi mingapi."

Zuena alimwona baba yake, Mzee Isihaka, akishuka kwenye bodaboda na kanzu yake ya Ijumaa, akiitwa kusikiliza kwamba mwanawe ni mwizi wa majibu. Kijiji kizima kilimsomea dua alipochaguliwa kuingia kidato cha tano. Wazee waliokuwa hawajui hata fizikia ni nini walisema amina. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mwalimu, hatukuchunguliana. Mimi ndiye niliyewafundisha. Wameandika nilichowafundisha."

Semboja alimtazama sana. Yeye alikuwa mtu wa Jiografia, fizikia aliiaga zamani bila majuto, na kosa lenyewe asingeweza kulionyesha hata angelipwa.

"Sawa. Jumatatu kila mmoja ataandika swali hilo hilo peke yake, chumba chake. Mwalimu Lea aliyesahihisha atakuja. Kama mnalo kichwani kama unavyosema, litatoka tena vile vile. Kama mliazimana, tutajua."

Jumamosi ni siku ya kufua. Wenzake walikuwa bombani, na Zuena alibaki bwenini akilitazama lile swali kama mtu anayetafuta nyoka kwenye nyasi. Kosa liko wapi? Alilisoma mara nyingi akijikuta anaimba, na akiimba kila kitu kinasikika sawa. Mwisho akafungua kufuli la tranka lake, akalifunga kwenye uzi wa kushonea, akauning'iniza kwenye chuma cha kitanda. Akalivuta kufuli kulia. Akaliachia. Likaenda kushoto, likarudi.

Akaanza kuandika upya, safari hii mdomo ameufunga. Mahali kufuli lilipo, kwa hesabu za pembe, ni saini. Ukitafuta jinsi mahali hapo panavyobadilika, ndio mwendo wake, unapata kosaini. Ukitafuta tena jinsi mwendo huo unavyobadilika, saini inarudi, lakini inarudi na alama ya kutoa mbele yake. Kwenye desa alama hiyo haikuwepo. Kakistari kadogo tu, na mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alikasahau wakati ananakili.

Alikaa kitandani. Bila kakistari hako, kufuli ukilivuta kulia linasukumwa kulia zaidi, linazidi kwenda na halirudi kamwe. Kutoa maana yake ni kurudishwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanze kidato cha tano kuelewa kitu, akataka kupiga kelele ya furaha isikike hadi bombani.

Halafu akakumbuka Jumatatu.

Akiwaambia wenzake, wote wataandika sahihi. Na wakiandika sahihi, Mwalimu Semboja atasema, kumbe mnajua, basi kosa la mwanzo lilitoka wapi kama si kwenye karatasi ya jirani? Asipowaambia, wataliandika kosa kama walivyolishika na litawaokoa. Na yeye je? Yeye aliyemwambia Mwalimu Semboja kwamba ndiye aliyewafundisha, aandike nini? Alilipima hili usiku na mchana wa Jumapili. Hosiana alimuuliza, "Zuena, umelipata kosa?" naye akatikisa kichwa, na uongo huo ulimkaa kifuani kama ugali mbichi. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini wasemao hivyo hawakuwa wanangojea Jumatatu ya Mwalimu Semboja.

Jumatatu walitawanywa, mmoja maabara, mmoja jikoni, mmoja stoo ya majembe. Zuena aliwekwa chumba cha vitabu. Aliandika haraka mpaka akafika pale. Kalamu ikasimama. Nje alisikia mtu anapasua kuni. Mkono wake wote ulitaka kuweka kakistari. Akauzuia, akaandika kosa kwa mwandiko mzuri, akahisi kama amemtukana mtu.

Mwalimu Lea alikuwa mwanamke wa Kisambaa, mpole wa sura, mwenye miwani ya kamba. Alizisoma karatasi ofisini wasichana wote wamesimama. Alisoma moja, akaweka chini. Ya pili, ya tatu. Kwenye karatasi ya mwisho mwalimu alisita, akafungua bahasha ya karatasi za mtihani, akatoa moja, akaziweka sambamba.

"Kudra ni nani?"

Kudra akasogea.

"Kwenye mtihani uliweka alama ya kutoa, ukaifuta. Leo uko peke yako jikoni, umeiweka tena, na umeifuta tena. Kwa nini, mwanangu?"

Kudra alitazama sakafu. Sauti yake haikufika mbali.

"Nikiifanya mwenyewe inatoka hiyo, mwalimu. Kila mara inatoka. Lakini Zuena hakutufundisha hivyo. Na Zuena anajua kuliko mimi."

Zuena alihisi maneno yale yamemwingia mahali ambapo hata kiboko hakijawahi kufika. Jioni zote zile, yule wa mwisho darasani alikuwa anajua, na akafuta la kweli mara mbili kwa sababu mtu aliyeimba kwa sauti kubwa alimwambia aandike kama lilivyo.

Mwalimu Lea akamgeukia Semboja. "Anayenakili hafuti pahali pale pale akiwa peke yake na masufuria. Hawa hawakuchunguliana, ni kweli wamelishwa kosa." Akavua miwani. "Mlishaji ni yupi?"

"Mimi," Zuena alisema.

"Haya. Kudra kapatia au kakosea?"

Hapo njia ilikuwa wazi. Wameshaokoka. Angesema sijui, mwalimu, na siku ikaisha salama, na desa likaendelea kuwa na kosa la mtu asiyejulikana. Alimtazama Kudra, ambaye bado alikuwa anatazama sakafu akingoja kuambiwa amekosea.

"Kapatia," alisema. "Kapatia tangu siku ya kwanza. Mimi nimeliona kosa Jumamosi, na leo nimeliandika kwa makusudi. Niliogopa tukiandika sahihi hamtatuamini."

Hosiana aligeuka kumtazama. Mwalimu Lea akazikusanya karatasi.

"Kesi imekwisha," alisema. "Lakini wewe na wenzako hamjamaliza."

Kweli hawakuwa wamemaliza. Mchana kutwa hakuna aliyemsemesha Zuena, na bombani walimpisha kama wanavyompisha mtu mwenye tetekuwanga. Jioni aliingia darasani wa mwisho. Walikuwa wamekaa wote, ubao umefutwa, chaki iko mahali pake. Alikwenda mbele, akaichukua ile chaki, akamfuata Kudra hadi kwenye dawati lake akamwekea mezani. Halafu akakaa benchi hilo la nyuma, kando ya Kudra.

Kudra aliitazama chaki kama kitu cha moto. Mwisho akasimama, akaenda, akaandika mstari ule ubaoni pamoja na alama yake, kubwa, hata wa nyuma wakaiona.

Zuena akanyoosha mkono. Sauti ilimtoka nusu.

"Samahani. Mimi nimeona tu, kwa kufuli la tranka nililolining'iniza kwenye uzi, kwamba inatakiwa. Lakini kwenye huo mstari wa kabla yake, kwa nini kosaini inageuka hivyo?"

Kudra akamgeukia.

"Zuena, mtihani hauulizi kwa nini. Andika kama lilivyo."

Darasa zima likalipuka kwa kicheko, wengine wakipiga madawati, na Hosiana akacheka hadi machozi. Zuena alifunika uso kwa mikono yote miwili, na hakujua mwenyewe kama anacheka au analia. Alipoinua kichwa Kudra alikuwa amesimama mbele yake, amenyoosha mkono.

"Lete kufuli la tranka lako," alisema. "Tuanze mwanzo."